Kontrola inapotea kila umeme ukirudi. Ninunue ruta nyingine?

Swali: "Naishi Nkuhungu, Dodoma. Nina kontrola ya nyumbani inayowasha na kuzima taa za nje, taa za sebuleni na pampu ya kupandisha maji kwenye simtank. Ilifanya kazi zaidi ya mwaka bila shida kwa ruta ya laini ya simu. Miezi miwili iliyopita niliingiza faiba, na kwenye ruta mpya nikaweka jina lile lile la waifai na nywila ile ile ili nisihangaike kuunganisha vitu upya. Tangu hapo, umeme ukikatika na kurudi, kontrola inapepesa taa ya rangi ya chungwa na programu kwenye simu inaandika kwamba haipo mtandaoni. Nikiichomoa na kuichomeka mara mbili au tatu inarudi, kisha baada ya siku kadhaa yale yale. Simu yangu inapata intaneti vizuri hata nikiishika juu ya hiyo kontrola. Fundi mmoja amesema ruta mpya ni dhaifu, ninunue kirefusha mawimbi. Mwingine anasema nibonyeze kitufe cha kuifuta nianze upya. Nikiwa kazini Mtumba siwezi kuwasha pampu, na maji kwetu yanakuja kwa zamu. Ruta ya zamani bado inawaka chumbani kwa watoto ingawa bando liliisha. Nifanye lipi?"

Ndugu yangu, usinunue kitu kwanza, na hicho kitufe usikiguse kabisa. Kwa dalili ulizoeleza, mchawi wako umemtaja mwenyewe mwishoni, kama jambo la kupita tu: ruta ya zamani bado inawaka chumbani kwa watoto.

Jina la waifai ni kibao tu ambacho ruta inakitundika nje. Ulipoipa ruta mpya jina na nywila ya ile ya zamani ulifanya la maana, kwani vifaa vyako vyote viliingia bila kuuliza. Ila ujanja huo una sharti lake, nalo ni kwamba ruta ya zamani izimwe. Ikiendelea kuwaka, unakuwa na mitandao miwili isiyojuana ndani ya nyumba moja, kila mmoja na kibao kile kile. Chukua mtaa wenye nyumba mbili zilizobandikwa kibao kimoja cha anwani ya makazi. Bodaboda aliyeleta mzigo ataingia lango la kwanza analoliona, na huwezi kumlaumu. Kontrola yako ndiyo bodaboda huyo.

Mbona simu haipotei, basi? Kwa sababu simu janja ikishaingia kwenye waifai hupima kwanza kama inafika nje. Ikiona hakuna intaneti, inauacha mtandao huo na kutafuta mwingine, au inahamia kimya kimya kwenye data ya laini. Kontrola nyingi hazina ujanja huo. Zikiliona jina, nywila ikakubalika na zikapewa anwani, kwao safari imekwisha. Zitakaa hapo hapo hata kama ruta hiyo haijawekewa bando tangu mwezi uliopita. Kwenye kontrola za aina nyingi taa inayopepesa namna hiyo husema: ruta nimeipata, lakini seva ya mtengenezaji siioni. Kijitabu kilichokuja na kifaa chako kitakuthibitishia maana ya rangi hiyo, maana kila mtengenezaji ana zake.

Kwa hiyo lile jaribio la kushika simu juu ya kontrola halijathibitisha ulichodhani. Limethibitisha kwamba simu ina njia ya kutoka. Huenda ilikuwa kwenye ruta mpya, huenda ilikuwa kwenye data ya laini, na kontrola ilikuwa kwenye ruta nyingine kabisa. Kuanzia sasa, kila unapofanya jaribio lolote la aina hii, zima data ya simu kwanza. Ukiiacha inawaka utadanganywa kila mara.

Na kwa nini iwe umeme ukirudi? Kwa sababu vifaa haviamki kwa pamoja. Kontrola ndogo huwa tayari baada ya nusu dakika hivi. Ruta ya laini ya simu mara nyingi hutangaza waifai yake ndani ya dakika moja. Kiboksi cha faiba huchukua muda mrefu zaidi, aghalabu dakika mbili tatu, na baada ya hapo bado kinahitaji kuafikiana na mtoa huduma. Kama ruta yako ya zamani ni ile ndogo yenye betri ndani, hali ni mbaya zaidi, maana hiyo haizimiki kabisa. Umeme unaporudi inakuwa imekwisha kuwasubiri wageni mlangoni. Kontrola inaamka, inaona kibao kimoja tu, inaingia. Ruta mpya inakuja kuwaka mwenzake amekwisha keti.

Unapoichomoa na kuichomeka baadaye, ruta zote mbili zinawaka. Safari hii kontrola ina pa kuchagua, na kama ipo sebuleni karibu na kiboksi cha faiba, mara nyingi huchukua mawimbi yenye nguvu zaidi. Nasema mara nyingi, kwani baadhi huchukua yaliyojibu kwanza, ndiyo maana inakulazimu uchomoe mara mbili au tatu. Kirefusha mawimbi cha yule fundi wa kwanza, kikitumia jina hilo hilo, kingeongeza kibao cha tatu mtaani.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Subiri kontrola ipotee kama kawaida yake. Usiiguse. Nenda chumbani kwa watoto, chomoa ruta ya zamani ukutani, na kama ina betri, bonyeza kitufe cha kuizima mpaka taa zote zife. Rudi sebuleni, itazame kontrola kwa dakika tano. Ikiwa taa ya chungwa inakoma yenyewe na programu inaiona tena, bila wewe kuichomoa, umepata ushahidi: ilikuwa imeng'ang'ania ruta ya zamani, na ilipoikosa ndipo ikaitafuta mpya.

Kisha iga kukatika kwa umeme. Usitumie meni swichi ya nyumba, friji haipendi kuzimwa na kuwashwa haraka haraka. Weka kiboksi cha faiba na kontrola kwenye ekstensheni moja, zima swichi yake, hesabu sekunde 30, washa. Ngoja dakika tano. Fanya hivyo mara tatu, ruta ya zamani ikiwa imezimwa. Ikirudi mara zote tatu, kazi imekwisha na hujatumia hata shilingi.

Ruta ya zamani una namna tatu za kuifanya. Ya kwanza ni kuizima na kuiweka kabatini, na kwa nyumba ya kawaida ndiyo ninayoipendelea. Ya pili ni kuibakiza kama akiba faiba ikikatika, lakini ibadilishe jina. Iite hata "Akiba", na nywila yake iwe nyingine. Utaiunganisha simu kwa mkono siku ukiihitaji, na kontrola haitaijua. Ya tatu ni kuifanya msaidizi wa ruta mpya ili chumba cha watoto kipate waifai nzuri, na hapa jina moja linafaa, kwa masharti mawili yasiyoachana. Lazima uvute waya wa mtandao kati ya ruta hizo, tundu la LAN (la vifaa vya ndani) kwa tundu la LAN, na lazima uzime DHCP kwenye ile ya zamani, yaani ile kazi ya kugawa anwani. Nyumba haiwezi kuwa na wagawaji wawili. Pia uipe ruta ya zamani anwani iliyo kwenye mtaa wa ile mpya, kwa mfano 192.168.100.2 kama mpya ni 192.168.100.1, vinginevyo hutaweza kuingia tena kwenye ukurasa wake. Baadhi ya ruta za laini hazikubali kuzimwa DHCP. Ukikuta hivyo, rudi kwenye namna ya kwanza.

Kuhusu kitufe cha kufuta. Watu wanachanganya mambo mawili yasiyofanana. Kuzima na kuwasha ni kuamka upya. Kumbukumbu zote zinabaki. Kubonyeza kile kitobo kwa pini kwa sekunde kadhaa ni kufuta: jina la waifai linaondoka, na kwenye kontrola nyingi yanaondoka pia mahusiano yake na kila swichi, ratiba za taa na masharti ya pampu. Ukiwa na swichi 12 utaizungukia kila moja, nyingine ziko nje juu ya ngazi, kuiunganisha tena. Na kwa tatizo lako hii isingesaidia, kwa kuwa ukimaliza yote hayo utaandika jina lile lile la waifai, na siku umeme ukikatika itaenda kule kule. Kama programu yako ina sehemu ya kuhifadhi nakala, hifadhi nakala leo, kabla hujafanya lolote.

Sasa, huenda ukazima ruta ya zamani na tatizo likabaki. Siwezi kuona nyumba yako kutoka hapa, kwa hiyo tuendelee.

Kinachofuata kwa uwezekano ni masafa. Ruta za kisasa hurusha waifai kwa masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5, na nyingi huyafunika yote kwa jina moja. Kontrola na swichi za bei ya kawaida karibu zote zinasikia GHz 2.4 tu. Ile ya 5 ina kasi lakini inachoka mapema kwenye ukuta wa tofali za saruji. Jina likiwa moja, ruta hujaribu kukisukumia kifaa kwenye masafa inayoona yanafaa, na kifaa kisichojua GHz 5 kinaweza kukataliwa mara kadhaa kabla ya kupokelewa. Fungua ukurasa wa ruta mpya. Anwani yake imeandikwa kwenye kibandiko chini ya kiboksi. Kwenye viboksi vya faiba vya Huawei huwa ni 192.168.100.1, na kwenye ruta zao za laini huwa 192.168.8.1. Tafuta sehemu ya waifai, tenganisha majina mawili: la GHz 2.4 libaki kama lilivyo ili kontrola iingie bila kusumbuliwa, la GHz 5 liongezee kitu mwishoni, halafu simu na televisheni uzihamishie huko.

Ukiwa kwenye ukurasa huo huo, angalia mambo mawili zaidi. Aina ya ulinzi iwe WPA2 yenye AES. Ruta ikiwekwa WPA3 pekee, kontrola ya miaka kadhaa iliyopita haitaingia, na hata ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 huvisumbua baadhi ya vifaa. Kisha chaneli ya GHz 2.4, yaani njia moja ndogo ndani ya masafa hayo. Ikiwa imewekwa "Auto", ruta inaweza kuamka siku moja na kuchagua chaneli ya 12 au 13. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi havisikii chaneli hizo, kwa hiyo kwa kifaa hicho ruta yako inakuwa imetoweka duniani, wakati simu inaiona vizuri. Hili linaeleza vizuri sana kupotea "baada ya siku kadhaa" bila umeme kukatika. Weka chaneli ya kudumu: 1, 6 au 11.

Kama swichi zako zinaongea na kontrola kwa Zigbee, yaani mawimbi ya vifaa vidogo vya nyumbani yasiyo waifai, chagua kwa makini zaidi kidogo, maana Zigbee nayo inaishi humo humo kwenye GHz 2.4. Waifai ya chaneli ya 1 inafunika Zigbee 11 hadi 14, ya 6 inafunika 16 hadi 19, ya 11 inafunika 21 hadi 24. Zinazobaki na nafasi ni 15, 20, 25 na 26. Ni rahisi zaidi kuisogeza waifai kuliko Zigbee, kwani kubadili chaneli ya Zigbee huweza kukulazimu kuunganisha baadhi ya swichi upya. Na kontrola isikae imegusana na kiboksi cha faiba. Mita moja au mbili zinatosha kupunguza kelele.

Nguvu ya mawimbi yenyewe, ile aliyoishuku fundi wa kwanza, inapimika. Haina haja ya kubishaniwa. Ruta nyingi zina orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na mbele ya kila kifaa kuna namba yenye alama ya kutoa, kama -55 au -78. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Hadi -67 hivi hakuna cha kulalamika. Ikivuka -75 kontrola itakuwa inaanguka anguka, na hapo kirefusha au kusogeza ruta kunaeleweka. Kabla ya kununua, sogeza. Ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni, au kontrola iliyofungwa ndani ya boksi la chuma la umeme, haitibiwi kwa kununua kifaa cha pili. Wala usiipandishe kontrola darini. Chini ya bati la Dodoma mchana wa Oktoba joto linapita kwa mbali nyuzi 40, ambazo ndizo kikomo kilichoandikwa kwenye vifaa vingi vya nyumbani, na vumbi letu huziba matundu ya hewa kabla mwaka haujaisha.

Kuna suala la anwani, nalo nalipitia kwa haraka kwa sababu kwako silishuku sana. Ruta hukikodishia kila kifaa anwani kwa muda, mara nyingi saa 24, na kifaa huomba kuongezewa muda ukifika nusu. Mtu aliyekufungia kontrola anaweza kuwa aliipa anwani ya kudumu ya mtaa wa zamani, tuseme 192.168.8.50. Ingekuwa hivyo, kontrola isingeonekana kwenye ruta mpya hata mara moja, wala kuchomoa kusingesaidia. Yako inarudi. Hilo peke yake linatuambia kwamba nywila ni sahihi na anwani haijapigiliwa misumari. Ukiikuta ina anwani inayoanza na 169.254, maana yake iliomba anwani ikakosa mtoaji, ikajipa yenyewe. Hiyo ni dalili ya kuamka mapema kuliko ruta.

Hata hivyo, ukishatulia, itengee anwani moja. Fanya hivyo kwenye ruta, usifanye kwenye kontrola. Kwenye sehemu ya DHCP kuna mahali pa kuandika namba ya MAC ya kifaa, zile jozi sita za herufi na tarakimu zilizo kwenye kibandiko cha kontrola, na anwani unayotaka ipewe siku zote, kwa mfano 192.168.100.20. Ukibadili ruta tena huko mbele, kontrola itaomba anwani kama wageni wengine na maisha yataendelea. Anwani iliyopigiliwa ndani ya kontrola ndiyo inayowaliza watu siku ya kuhamia faiba.

Kontrola yako ikiwa na tundu la waya, achana na haya mengi na uvute waya. Waya wa Cat5e unafika hadi mita 100 na hauna habari na chaneli wala nywila. Ukifunga vichwa mwenyewe, mpangilio ni ule ule pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kosa linalorudiwa sana ni kuziweka waya za bluu na za kijani kila jozi pamoja kwa kuwa inapendeza macho. Waya wa namna hiyo huwasha taa za tundu mara nyingine, kisha ukakataa kazi. Chomeka kwenye tundu la LAN na utazame taa ndogo ya tundu: isipowaka kabisa, shida ni waya au kichwa, wala usihangaike na mipangilio. Waya usipite nje kwenda banda la pampu au getini. Mvua za Dodoma, ambazo kwa kawaida huanza Desemba na kuishia Aprili, huja na radi, na waya mrefu wa nje ni njia nzuri sana ya kuileta sebuleni. Kwa umbali wa nje tumia waifai.

Hata mambo yote yakikaa sawa, kukatika kwa umeme kutaendelea kuisumbua kontrola kwa namna nyingine. Kontrola nyingi hazina betri ya saa. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ambayo wengi hutumia kujitengenezea kontrola, haikuwa na saa ya ndani mpaka toleo la 5, na hata hilo betri yake hununuliwa kando. Umeme ukirudi na intaneti ikachelewa, kifaa hakijui ni saa ngapi, na ratiba ya taa za nje inaweza kuwaka mchana kweupe. Kukatika kwa ghafla pia huharibu kadi ya kumbukumbu kikiwa katikati ya kuandika.

Tiba ya hayo ni ile UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, yenye matundu ya volti 12, 9 na 5. Kabla ya kulipa, soma adapta ya kiboksi cha faiba na ya kontrola: volti lazima zilingane kabisa, ampea za UPS ziwe sawa na za adapta au zaidi. Na usidanganywe na namba kubwa kwenye boksi. mAh 8,800 inahesabiwa kwa betri ya volti 3.7, kwa hiyo ni wati-saa 32 hivi. Kiboksi na kontrola vikila wati 15 kwa pamoja, baada ya upotevu wa kubadilisha volti unabaki na saa moja na dakika arobaini na kitu. Inatosha kwa katizo fupi, haitoshi kwa la kutwa. Kwa tatizo lako UPS hiyo ina faida ya pili, kwamba ruta na kontrola hazizimiki, basi hakuna kuamka wala kukimbizana. Lakini ukiinunua kabla ya kuizima ruta ya zamani utakuwa umefunika tatizo tu, na siku betri itakapoisha litarudi lilivyo.

Sasa pampu ukiwa Mtumba. Programu ya mtengenezaji hupita kwenye seva zake: kontrola inapiga simu nje, simu yako inapiga simu nje, wanakutana huko. Kontrola ikirudi mtandaoni, uwezo wa kuwasha pampu ukiwa mbali nao utarudi wenyewe. Kuna watakaokushauri ufungue mlango kwenye ruta ili uingie moja kwa moja kutoka nje. Usifanye hivyo. Kwanza ni hatari, mlango ulio wazi unagongwa na programu za wezi usiku na mchana. Pili, huenda usifanye kazi: watoa huduma wengi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Utajua kwa kutazama anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje, kwenye ruta. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 mwanzoni, huna anwani yako mwenyewe na mlango huo haufunguki hata ufanyeje. Ukitaka njia isiyotegemea mtengenezaji, weka njia binafsi ya siri kama Tailscale, ambayo hupita hata penye hali hiyo, mradi ndani ya nyumba kuna kompyuta ndogo inayowaka muda wote.

Hapa niseme kitu hata kama hukuuliza. Pampu inayojaza simtank isitegemee mtandao ili izime. Weka floti, ile swichi inayoelea, ndani ya tenki, iliyofungwa kwa waya kwenye mzunguko wa pampu wenyewe, izime maji yakijaa hata kontrola ikiwa imekufa. Kama unavuta kutoka kwenye kisima au tenki la chini, weka nyingine huko ili pampu isizunguke kavu zamu ya maji ikikawia. Na uangalie swichi inayoiwasha. Pampu ya farasi moja, wati 746, huvuta ampea 4 hadi 6 ikizunguka, lakini wakati wa kuanza huvuta mara kadhaa ya hapo. Swichi janja iliyoandikwa ampea 10 itaivumilia kwa miezi, kisha midomo yake ya ndani itashikana, na programu itakuonyesha pampu imezimwa huku inanguruma. Swichi janja iamuru kontakta, yaani swichi kubwa ya sumaku ya kubeba mzigo mzito, na kontakta ndiyo iwashe pampu.

Kazi hiyo ya kontakta na floti mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, asimame hapo. Mwite pia ukisikia harufu ya kuungua, adapta ikiwa ya moto hadi hushiki, au taa za nyumba zikififia na kung'aa zaidi ya kawaida. Hapo kontrola inaonewa tu, tatizo ni volti. Taa nyekundu ya LOS kwenye kiboksi cha faiba ni ya mtoa huduma: waya wake umekatika au umekunjwa sana. Usiuchomoe kuuchungulia, mwanga wake hauonekani lakini jicho linaumia. Na ukimpigia mtoa huduma kwa sababu ya kontrola, muombe nywila ya kuingia kwenye ukurasa wa kiboksi, maana wengine huifunga, na bila hiyo hutaweza kutenganisha masafa wala kutenga anwani. Wakikataa kabisa kuitoa, waambie wakufanyie wao kwa mbali: majina mawili, WPA2, chaneli ya 6, na hiyo 192.168.100.20 kwa MAC ya kontrola, utakayokuwa umeiandika kwenye karatasi kabla ya kupiga.